Kalamu Haitaki Nguvu

Nimeandika jina la riwaya yangu mara 14. Sitanii. Fungua daftari langu, ile kaunta buku ya kwaya tatu yenye jalada gumu, utaliona mwenyewe: ukurasa wa kwanza jina, ukurasa wa tatu jina, ukurasa wa tano jina tena, safari hii herufi ya mwanzo imenona kiunoni kama mwali aliyetoka ndani. Sura ya kwanza haipo. Ukiniuliza sababu, nitakujibu kwamba sababu ni kalamu. Na kama wewe nawe ni mwandishi mchanga hutanicheka, maana una kisingizio chako. Pengine wasubiri meza, au kompyuta, au wasubiri nyumba inyamaze.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017. Matokeo yalikuwa ya wastani, ada ya kuendelea haikupatikana, nikapata kibarua katika duka la fotokopi na madaftari hapa Tanga mjini. Mchana nauza biki, usiku najiita mwandishi.

Kalamu ninayoisema ni ya Babu, baba yake mama. Mwaka 1958, akiwa kijana wa miaka 20, aliajiriwa ukarani katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Karani mkuu alipostaafu akamwachia kalamu yake, Swan nyeusi iliyotengenezwa Uingereza na kampuni ya Mabie Todd. Babu akaitumia miaka na miaka, hata zama za biki zilipoingia. Mwaka 2022, macho yake yalipofifia asiweze tena kusoma gazeti, akaniita.

"Haya mke wangu," akasema, ndio utani wetu wa babu na mjukuu, "mahari yako hii hapa. Usije ukasema sikutoa."

Kumbe mahari ile ilikuwa na masharti. Babu alitaka kazi. Akaniambia kwamba pale shambani watu waliletwa kutoka Kigoma, Njombe, Urundi, hata Msumbiji, na makarani waliwahesabu kwa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Asubuhi karani anaita namba, jioni anatia alama kwenye kipande, siku 30 za kazi zikitimia ndipo mtu analipwa.

"Majina yao nilikuwa nayajua," Babu akasema. "Nilikula nao, nikawaandikia barua za kwao. Lakini daftarini niliandika namba. Kalamu hii imeandika namba tu. Nataka uyaandike yale majina kabla sijayasahau."

Nikasema ndiyo Babu, nitayaandika. Nikaingia chumbani nikaandika jina la riwaya yangu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika kalamu ya namna hii, hebu nieleze kwa nini ilinilevya. Nibu ya kalamu ya wino imepasuliwa katikati. Ufa ule huanzia kwenye ncha, ukaishia kwenye kitundu kidogo, na pande zake mbili tuziite meno. Nibu nyingi za siku hizi ni ngumu: hata ukandamize, meno hayaachani, na mstari hutoka wa unene mmoja. Nibu nyumbufu ni jambo jingine. Meno yake ni marefu na membamba. Mkono ukishuka na kuelemea kidogo, yanaachana, wino unaijaza nafasi iliyo kati yake, mstari unanenepa. Mkono ukipanda unaachia, meno yanakutana, mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Katika neno moja tu unapata nene na nyembamba, kama sauti ya mtu anayejua kusimulia.

Usiichanganye na kalamu ya tete ya waandishi wetu wa hati za Kiarabu, kama vile Muhamadi Kijuma wa Lamu. Ncha ya tete hukatwa bapa, na unene wa mstari hutokana na jinsi ulivyoielekeza. Unene wa nibu nyumbufu hutokana na uzito wa mkono. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoniponza.

Kalamu ya Babu hujazwa kwa kifuko cha mpira kilichomo tumboni mwake. Pembeni kuna kijiti cha bati. Ukikiinua kinaminya kifuko, ukikiachia kifuko kinavuta wino. Lakini kifuko kilikuwa kimekauka zamani na kuwa vipande vigumu kama maganda. Basi nikawa naichovya tu, kama kalamu za karne ya kumi na tisa. Wino nilikwenda kununua dukani, si pale ninapofanya kazi mimi. Nikaomba wino mweusi wa chupa. Nikapewa chupa ndogo, nikasoma kwamba ni wa kuchorea. Nikajiambia, wino si wino?

We acha tu! Wiki ya kwanza nilijiona nimeshakuwa mtu. Weusi ule ulikuwa mzito, unang'aa. Nikaandika jina la riwaya, nikaliangalia, nikaliandika tena. Wiki ya pili kalamu ikaanza kusitasita. Nikachovya zaidi. Siku moja usiku ikakataa kabisa. Mimi nina hamu, wino upo, karatasi ipo, yeye hataki. Nikaielemea. Ikakwaruza. Nikaielemea tena kwa nguvu, nikasikia "tik". Nilipoinua nikaona jino moja limepanda juu ya mwenzake, kama vidole vya mtu anayeficha uongo.

Sikumwambia mtu. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia kwenye sanduku la nguo.

Ijumaa moja baada ya swala Babu akaniita barazani, akasema leo tuanze. Miezi minne ilikuwa imepita tangu anipe kalamu. Nikatoka na daftari na biki ya shilingi 500. Nikajipa moyo: macho haoni, atajuaje? Akaanza. Akataja namba, akataja jina, akataja na mahali mtu alikotoka. Akataja la pili. Kisha akanyamaza.

"Unaandika?"

"Naandika, Babu."

"Mbona sikusikii?"

Nikajifanya sikuelewa. Babu akasema kalamu yake ina sauti. Ikishuka inanguruma kidogo, ikipanda inanong'ona. "Hiyo uliyoishika ni bubu," akasema. "Yangu iko wapi?"

Nikaenda kuileta. Akapitisha ncha ya kidole gumba juu ya nibu, taratibu, mara mbili. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Umeikandamiza."

"Ilikataa kuandika, Babu."

"Kalamu ikikataa kuandika, inakwambia kitu. Unaiuliza." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Pale shambani mtu akishindwa kazi tulimwandikia sifuri. Hatukumuuliza."

Akanirudishia. Hakunigombeza zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kesho yake nikaenda Ngamiani kwa fundi saa mmoja mzee, wa wale wachache waliobaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Saa gani?"

"Si saa, mzee. Ni kalamu."

Akacheka, akafuta miwani. Zamani, akasema, mafundi saa ndio waliokuwa wakitengeneza na kalamu, lakini mteja wa mwisho hamkumbuki. Akaivaa ile lenzi yake jichoni, akaitazama nibu, akauliza swali moja tu: "Wino gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo ningelipata mapema nisingeaibika. Wino wa kuchorea, ule mweusi tititi, umetengenezwa kwa unga wa kaboni pamoja na kitu cha kuushikisha, mara nyingi shelaki, ile inayotumiwa kupigia vanishi. Ukikauka hautaki tena kuyeyuka kwa maji. Juu ya karatasi hiyo ni sifa. Ndani ya kalamu ni kifo. Chini ya nibu kuna kipande cheusi chenye mifereji myembamba kama uzi, fundi alikiita ulimi, na mifereji hiyo ndiyo inayopitisha wino kuteremka na hewa kupanda. Wino wangu ulikuwa umeisakafia mifereji yote kama saruji. Wino wenyewe hauna kosa. Nyumba yake ni kalamu ya kuchovya, ile nibu ya chuma unayoifuta kila umalizapo. Mimi niliuhamishia nyumba isiyo yake.

Fundi akaichomoa nibu na ulimi, akaviloweka siku kadhaa katika maji ya vuguvugu yenye tone la amonia. Nikasema si maji ya moto ndiyo yangemaliza haraka? Akanikataza. Mwili wa kalamu zile za zamani mara nyingi ni eboniti, mpira uliopikwa pamoja na salfa hadi ukawa mgumu kama pembe. Maji ya moto huupausha ukawa rangi ya tope. Pia akanikataza spiriti, maana kalamu nyingine zimetengenezwa kwa seluloidi, nazo spiriti huziharibu. Jino lililopinda akalirudisha kwa kucha na kijiti cha mti laini, jioni baada ya jioni, kidogo kidogo. Halikurudi lote.

"Unajua kwa nini inanyumbuka?" akaniuliza.

"Kwa sababu ni dhahabu."

"Wote mnasema hivyo."

Nibu ya Babu imepigwa mhuri wa karati 14, maana yake dhahabu ni asilimia 58 na kitu, iliyobaki ni metali nyingine. Dhahabu ina kazi yake: hailiwi na asidi ya wino. Lakini zipo nibu za dhahabu ngumu kama msumari, na zipo nibu za chuma zinazonyumbuka kama jani. Kinachoinyumbua nibu ni umbo: wembamba wa bati lake, urefu wa meno, na jinsi mabega yake yalivyokatwa. Nayo nibu nzuri haisifiwi kwa kufunguka tu. Inasifiwa kwa kujifunga. Ukiachia, meno yarudi mara moja. Yakichelewa, mstari mwembamba haupatikani.

Basi zilipotelea wapi? Fundi alinipa jibu la kiofisi. Lewis Waterman wa New York alipopata hataza yake mwaka 1884 watu walikuwa wamezoea nibu za kuchovya, zile za chuma zilizokuwa zikitoka Birmingham kwa mamilioni, na nyingi zilinyumbuka. Mwandiko ulidai hivyo. Kisha ikaenea karatasi ya kaboni. Karani anataka nakala tatu, lazima akandamize, nibu nyumbufu haivumilii. Zikapendwa nibu ngumu. Parker 51 iliyotoka mwaka 1941 nibu yake haitaki kabisa mchezo wa kuachana meno. Baadaye ikaenea biki, kutokana na kazi ya László Bíró, Mhungaria aliyehamia Argentina. Kalamu ya Babu iliponea wapi, basi? Nilipomuuliza akajibu kwamba nakala za kaboni waliandika kwa penseli. Swan ilikuwa ya daftari kubwa na barua.

Sasa nikataka kalamu yangu mwenyewe, niiache ya Babu ipumzike. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi Maskati. Nikamwandikia, akaahidi kuniagizia kifuko kipya cha mpira cha Swan na kuniletea na kalamu mpya. Kalamu za Pilot za Japani zenye nibu laini ya dhahabu niliziona picha tu. Bei yake inapita dola 100, na hela hiyo kwangu ni kodi ya chumba miezi kadhaa. Akaniletea ya bei nafuu, nibu ya chuma, imetangazwa kuwa nyumbufu.

Nikaijaza, nikaanza. Kuandika iliandika. Lakini ili mstari unenepe ilinibidi nikandamize hadi kidole kikawa cheupe. Na ikinenepa, katikati ya mstari wino unakatika, zinabaki kingo mbili na weupe katikati. Mimi mtoto wa Tanga nilizijua mara moja: reli! Kalamu inachora reli.

Nikarudi kwa fundi. Akacheka tena. Reli, akasema, hutokea meno yanapoachana kuliko ulimi unavyoweza kuyalisha. Ama ulimi ni bahili, ama mkono una haraka, ama wino ni mzito kutembea. Kisha akanifundisha kipimo ambacho nakupa na wewe bure. Weka ncha ya nibu juu ya ukucha wa kidole gumba chako, uelemee kidogo sana, kiasi cha kusikia tu. Meno yakianza kuachana hapo, hiyo ni nyumbufu. Yakikaa, acha. Iite laini, iite ya kudunda, lakini usiilazimishe kuwa isichokuwa.

"Kalamu nyumbufu haitaki nguvu," akasema. "Ikitaka nguvu, siyo."

Nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa karo ya somo hilo. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Kifuko kikafungwa, Swan ikaanza kunywa wino yenyewe baada ya miaka. Ikabaki kuchagua wino, na safari hii nilijua kwamba nauchagulia majina ya watu. Kaka alileta chupa tatu: bluu ya kawaida, mweusi wa kaboni uliotengenezwa maalumu kwa kalamu za wino, na bluu-nyeusi ya Pelikan 4001.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kalamu na wino huoana, na si kila ndoa inafaa. Wino mwingine una majimaji, unateleza upesi. Mwingine ni mkavu, unatoka kwa kipimo. Swan ya Babu inamwaga. Niliijaza bluu ya kawaida nikaandika katika kaunta buku, mstari mnene ukatambaa pembeni kama mizizi, na nyuma ya karatasi ukatokeza. Bluu hiyohiyo nikaitia katika kalamu mpya iliyokuwa ikichora reli. Reli zikapungua sana. Hapo nikatunga methali yangu: kalamu mmwagaji mpe wino mkavu, kalamu bahili mpe wino mwepesi.

Jambo la pili, daftari. Karatasi za kaunta buku zimetengenezwa zikimfikiria mtu wa biki. Ni nyonzaji. Ukipewa kuchagua karatasi, chagua iliyo laini na iliyoshikamana. Usipopewa, na wengi hatupewi, basi badili wino.

Jambo la tatu ni kudumu. Niliandika mistari mitatu, wino tatu mbalimbali, nikaikata karatasi vipande viwili. Kimoja nikakitia tone la maji. Kingine nikakibandika kwenye dirisha la jua la mchana, nusu nimeifunika kwa kadi, nikakiacha mwezi mzima. Bluu ya kawaida maji yaliichukua, na juani ikafifia ikawa kama kumbukumbu ya bluu. Mweusi wa kaboni haukutikisika popote. Bluu-nyeusi ilipoteza ubluu wake, ikawa ya kijivu, lakini kila herufi ilisomeka.

Utasema basi chukua mweusi wa kaboni. Nilikuwa karibu kuuchukua. Unga wake ni mwembamba kuliko ule wa kuchorea, na watu huutumia kalamuni bila madhara, ila wasiuache ukakauka ndani. Lakini Swan ni ya zaidi ya miaka sabini na mimi namjua mwenye kalamu hiyo, yaani mimi mwenyewe, kwamba zipo wiki haandiki. Sikuthubutu kuisakafia mara ya pili.

Bluu-nyeusi ya Pelikan ni ukoo wa wino wa zamani, wino wa chuma. Wino wa namna hiyo hutokana na chumvi ya chuma ikichanganywa na asidi inayopatikana katika vinundu viotavyo kwenye miti ya mialoni. Kwa karne nyingi Ulaya ilitunza hati zake kwa wino wa jamii hiyo. Unapoandika, rangi ya bluu ndiyo unayoiona. Kisha chuma kikikutana na hewa maandishi yanakolea weusi na kung'ang'ania karatasi. Aibu yake ni asidi. Nibu ya chuma ikiachwa nao wiki nyingi inaweza kuliwa, dhahabu haimjali. Tena ni wino mkavu. Tena hautambai ovyo kwenye karatasi duni. Ukiitazama Swan inayomwaga, yenye nibu ya dhahabu, mbele ya kaunta buku ya dukani, utaona ni kama chupa ile ilikuwa ikiwasubiri. Sharti moja tu: kila baada ya wiki moja au mbili kalamu ioshwe kwa maji matupu hadi yatoke meupe. Naiosha Jumapili, pamoja na sare yangu ya dukani.

Ijumaa iliyofuata nikakaa barazani. Babu akasikiliza kalamu ikishuka na kupanda katika jina la kwanza.

"Sauti imebadilika," akasema.

"Ndiyo, Babu. Jino moja halikunyooka. Likipanda linakwaruza."

"Hata mimi yangu imebadilika. Endelea."

Tukaendelea. Na hapo nikagundua jambo ambalo hakuna fundi angeniambia. Nibu nyumbufu inaandika polepole. Ukiikimbiza, inachora reli au inarusha wino. Kwa riwaya, ambayo mawazo huja kama mvua ya masika na kukatika ghafla, kalamu hii ni mateso. Nilikuwa nikisubiri iniandikie kitabu na yenyewe haikuumbwa kwa kazi hiyo. Lakini kwa mzee wa zaidi ya miaka 80 anayetaja jina, akanyamaza, akatafuta la pili, mwendo wake ni uleule. Mimi nikimaliza kuinenepesha herufi ya mwisho, yeye ameshalipata jina linalofuata. Hatusubiriani.

Riwaya naiandika kwa biki. Niko sura ya nne. Haina herufi hata moja iliyonona, na mwandiko wangu ukiuona utadhani kuku amepita. Lakini sura zipo. Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, ukiniuliza uchague kalamu gani, kwanza nitakuuliza unakwenda kuandika nini. Kama ni barua ya posa, majina ya watoto nyuma ya Msahafu, shairi unalolinakili ili lidumu, tafuta nibu inayonyumbuka. Anza na kalamu ya kuchovya, ni rahisi na itakufunza mkono. Nibu mpya ifute kwanza ule mafuta iliyopakwa kiwandani isishike kutu, la sivyo wino utaikimbia. Ukiipata ya zamani kama ya Babu, usiitie wino wa kuchorea wala wino wa mhuri, na ukikuta ngumu, iulize. Kama ni riwaya, shika chochote kinachoandika.

Majina yamefika 43. Kila ukurasa kushoto nimeweka namba kwa mstari mwembamba, kulia jina kwa mstari mnene. Babu ndiye aliyetaka hivyo. Ameniambia nibonyeze kwenye jina.

Ila ipo mistari mitupu. Namba 112 anaikumbuka vizuri: mtu wa Kigoma, mrefu, alikuwa akiimba kuliko wote, aliumia mkono kwenye mashine ya kusaga mkonge. Sura yake anaiona. Jina haliji. "Mwaka ule niliokupa kalamu nilikuwa nalo," Babu alisema wiki iliyopita, bila lawama yoyote, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Mimi nikahesabu moyoni ile miezi minne na yale majina ya riwaya 14.

Mstari wa namba 112 nimeuacha wazi. Kila Ijumaa kabla hatujaanza, Babu huniambia nirudi kwenye ukurasa ule, nami naweka nibu juu ya karatasi, bila kuielemea, nikangoja.